Yah: Kionjo cha Saa Kumi

Mheshimiwa Afisa Utamaduni,
tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
Barua yako niliipokea Jumanne, ina mhuri wa zambarau
na alama ya kidole cha mtu aliyetoka kula dagaa.
Unauliza kwa nini Jumamosi, saa kumi alasiri,
kabla ya katuni ya mbuzi anayejifunza kuogelea,
nilionyesha kionjo chenye panga.

Sina utetezi mrefu.
Kibanda changu kiko Kirumba, nyuma ya wauza barafu:
mabati kumi na nane, mabenchi sita, kiingilio mia mbili.
Watu wanakiita kibanda umiza, nami nilikuwa nacheka,
nikidhani kinachoumia ni mgongo tu.

Vionjo navikata mwenyewe, usiku, umeme ukitulia.
Sinema ya saa mbili naifinya iwe dakika mbili:
naacha mvua, naacha mama anayekanda unga,
naacha watu walionyamaza mezani;
nachukua mlango unaovunjwa,
nachukua mkono ulionyooshwa, panga likipanda,
na pale linapoanza kushuka, giza, na maandishi:
LEO SAA TATU USIKU. USIKOSE.
Mwonjeshe mtu chumvi,
atakuja kwako kutafuta maji.

Nkwimba wa Mama Ng'washi ana miaka saba.
Usidhani ni mtoto wa kuogopa visu.
Kila asubuhi yuko Mwaloni, ameshika ndoo,
sangara anapasuliwa kutoka koo hadi mkia,
matumbo yanamwagwa, korongo wanagombana,
yeye anahesabu mapanki huku akitafuna muwa.
Hakuna aliyelibandika ziwa alama ya umri.
Lakini samaki ana mwisho:
saa sita ni mchuzi, saa saba ni miba,
paka anamalizia.
Mtu wangu wa kionjo hakuwa na saa saba.
Mkono wake ulibaki hewani
juu ya kitanda cha mtoto, usiku wa kwanza, wa pili, wa nne,
na panga limesimama, bado inchi moja.

Mama yake hakuja kugomba.
Alisimama mlangoni, magamba kwenye nyusi:
"Mwanangu anauliza, ule mkono ulipona?"

Nami, mheshimiwa, sikujua.
Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia, siyo kwenye mhuri wako.
Nilikuwa nimeuza tisho ambalo mwisho wake siujui.
Usiku ule nilifunga kibanda, nikakaa benchi la mbele,
nikaitazama yote, pamoja na mvua.
Panga linakata kamba.
Kamba, mheshimiwa! Yule bwana alikuwa amefungwa;
mwenye panga ni shemeji yake, amekuja kumfungua.
Kisha wanakula viazi.

Nimekwenda kwa Nkwimba, nimemsimulia hadi viazi.
Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Mbona kamba hukuionyesha?"

Kuhusu agizo la kubandika karatasi
"Kwa Watazamaji Wote", nimebandika.
Faini nitalipa kwa awamu mbili, samaki wakikubali.
Ila karatasi haina macho,
kwa hiyo nimejiongezea kanuni isiyo na mhuri:
kabla ya katuni hakipiti kionjo
ambacho sijakitazama hadi viazi.
Lugata na wenzake wa benchi la nyuma wamelalamika;
wanasema vionjo vyangu sasa ni taarifa ya hali ya hewa.
Mapato ya Jumamosi iliyopita: elfu tatu na mia nne.

Jambo moja naomba ufafanuzi.
Kile kipande cha mama anayekanda unga nimekirudisha,
sekunde kumi na moja, bila muziki,
mikono tu, na unga unaokataa kushikana.
Watoto walinyamaza wote. Mmoja alisogea mbele
hadi kivuli chake kikaingia ndani ya bakuli.
Je, hicho nacho kinahitaji kibali?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Bugumba Saguda,
Kirumba.